Uzi Mfupi

Banjo ya mtumba iliyotengenezwa Boston au Philadelphia katika miaka ya 1890 hufika mezani kwa fundi na maradhi ambayo fundi ameshayaona mara nyingi. Shingo imepinda kuja mbele. Nyuzi zimenyanyuka mbali na mti hata kidole cha mpigaji kinazisaka chini kama kinachochota maji kisimani. Duara la mbao, ambalo lilitoka kiwandani likiwa mviringo kamili, limevutika likaelekea umbo la yai, na kigingi kimoja au viwili vya kukazia nyuzi vimepasuka. Mwenye banjo husema chombo kimezeeka. Uzee umesingiziwa. Mbao ngumu iliyokaushwa vizuri hukaa miaka 130 bila kwenda kombo, mradi isibebeshwe mzigo ambao haikuumbiwa. Aliyeipinda ni mtu aliyevua nyuzi za utumbo wa kondoo akafunga za chuma, labda mwaka 1920, labda mwezi uliopita, akazikaza mpaka sauti ikamridhisha, kisha akaitundika banjo ukutani na mkazo wake.

Ninachoshikilia ni kwamba kuchagua nyuzi za banjo kuukuu ni kazi ya kusoma historia kabla ya kuwa kazi ya mikono, na anayefunga nyuzi zisizo zake amekisoma chombo vibaya. Banjo ina bahati mbaya ya kuandikwa sana na watu waliokuwa na kitu cha kuuza: tiketi za maonyesho, vitabu vya mafunzo, au banjo zenyewe. Waliieleza asili yake kwa jinsi ilivyowafaa mbele ya wateja wao. Chombo chenyewe hakikuwa na mteja wa kumridhisha. Mikato, matundu na michubuko iliyomo mwilini mwake ni ushahidi ambao ni vigumu kuughushi, na mtu mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuufuta ni fundi anayeketi kuutengeneza.

Kwa msomaji wa pwani, njia ya mkato ya kuieleza banjo ni kusema ni dufu lililotiwa shingo. Ngozi ya ndama imewambwa juu ya duara la mbao, pete ya chuma inaikandamiza, na kulabu zenye nati zinaivuta pete hiyo chini kuzunguka duara lote. Shingo ndefu imechomekwa ubavuni, na kutoka kwenye kitako chake mti mwembamba unapita ndani ya duara, chini ya ngozi, hadi upande wa pili. Nyuzi hupita juu ya kijiti kidogo kilichosimama juu ya ngozi bila gundi wala msumari. Kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na zikilegezwa zote kinaanguka. Nyuzi nne huanzia kichwani mwa shingo kama za gitaa. Wa tano ni mfupi. Kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, robo ya njia kutoka kichwani kwenda kwenye kijiti. Ni mwembamba na sauti yake ndiyo ya juu kuliko zote, ilhali umewekwa upande wa dole gumba, mahali ambapo udi na gitaa huweka uzi mnene. Hakuna mtu anayebuni ala kutoka kichwani mwake angeanza na mpangilio wa ajabu namna hiyo. Ni mpangilio wa kurithi.

Urithi huo una mashahidi wake. Daktari Hans Sloane alikaa Jamaica kati ya mwaka 1687 na 1689, na kitabu chake cha mwaka 1707 kina mchoro wa ala za watumwa wa kisiwa kile: vibuyu vilivyowambwa ngozi na kutiwa shingo. Leiden, Uholanzi, imehifadhi ala ya kibuyu iliyochukuliwa Suriname na John Gabriel Stedman, askari aliyepigana huko katika miaka ya 1770; ina nyuzi tatu ndefu na mmoja mfupi. Paris ina nyingine ya mpangilio uleule, iliyoletwa kutoka Haiti na Victor Schœlcher, mpinzani wa utumwa aliyezuru kisiwa hicho mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kuna pia picha ya rangi za maji iliyochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, maarufu kwa jina la The Old Plantation, ambamo watu weusi wanacheza mbele ya nyumba zao na mmoja amekaa akipiga kibuyu chenye shingo bapa. Kigingi cha uzi mfupi kimechorwa ubavuni, dhahiri kabisa. Thomas Jefferson naye aliandika katika kitabu chake kuhusu Virginia kwamba ala ya watumwa ni ile waliyokuja nayo kutoka Afrika. Jefferson alikuwa mmiliki wa watumwa, na kitabu hichohicho kina maneno mabaya sana juu ya watu weusi. Hakuwa na sababu ya kuwasifia kwa jambo wasilostahili.

Afrika ni kubwa, kwa hiyo lazima tuulize ni Afrika ya wapi. Hapa pana mtego kwa sisi tuliokulia karibu na bahari, kwa sababu tunaijua kibangala, ile gambusi ya Lamu na Mombasa yenye uso wa ngozi, na ni rahisi kusema banjo ni ndugu yake. Si ndugu. Gambusi yetu ilikuja na upepo wa Yemen; huchongwa kutoka gogo moja, tumbo na shingo pamoja, na haina uzi mfupi. Ngozi peke yake haithibitishi ukoo, kwa maana kila penye mbuzi na mtu mwenye hamu ya muziki, ngozi itawambwa juu ya kitu. Kinachothibitisha ni mambo matatu yakikutana: uzi mfupi wa dole gumba, mti unaopenya mwili wa ala mpaka upande wa pili, na mkono unaopiga kuelekea chini kwa ukucha huku dole gumba likidaka uzi mfupi. Mambo haya matatu yanakutana Afrika Magharibi, na kwa Wajola wa Gambia, Casamance na Guinea-Bissau yanakutana katika ala iitwayo akonting. Mgambia Daniel Laemouahuma Jatta aliitafiti ala hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2000 aliipeleka Marekani mbele ya wakusanyaji wa banjo. Watu waliokuwa wamezisoma banjo maisha yao yote waliona mkono wa Mjola ukifanya kile ambacho vitabu vyao vya mafunzo vya karne ya 19 vilifundisha.

Hata hivyo tusiruke kutoka hapo na kusema akonting ndiyo mama wa banjo, kama wengi wanavyopenda kusema siku hizi. Shingo ya akonting ni fimbo ya mviringo, na nyuzi zake hukazwa kwa vitanzi vya kufungwa kwenye fimbo. Ala za Suriname na Haiti zina shingo bapa na vigingi vya kuzungusha. Afrika Magharibi, tena, ina ala nyingi za jamii hiyo, na waliouzwa Karibiani walitoka mataifa mengi yenye kumbukumbu mbalimbali za mikono. Banjo ilizaliwa upande wa pili wa bahari, kati ya Waafrika waliolazimishwa kuishi pamoja, wakatumia vibuyu vya huko na kuchukua walichokiona kwenye ala za Wazungu. Uzi mfupi ulisalimika katika mchanganyiko huo wote. Mimi naona jambo hilo lina uzito kuliko kumtafuta mama mmoja.

Ndipo akatokea Joel Walker Sweeney wa Appomattox, Virginia, aliyezaliwa mwaka 1810. Alijifunza banjo kwa watu weusi wa jirani zake, akaipeleka majukwaani, na kabla ya kufa mwaka 1860 alikuwa ameipigia watu hadi Uingereza. Waliokuja baadaye walimvika kilemba cha ukoka: wakasema ndiye aliyebuni uzi wa tano, na kwa uzi wa tano walimaanisha ule mfupi. Madai hayo yalirudiwa kwa zaidi ya miaka 100, na bado yako kwenye vitabu. Picha ya South Carolina inayakata kwa pigo moja, maana ilichorwa kabla Sweeney hajazaliwa. Kama aliongeza uzi wowote, basi ni mmoja wa nyuzi ndefu, maana ala za kale zina ndefu tatu na za zama zake zina nne. Fikiria jinsi kosa hilo lilivyochagua mahali pa kuangukia. Kati ya nyuzi tano, ule aliopewa Mzungu kuwa mvumbuzi wake ndio uleule uliobeba alama ya Afrika.

Mgala muue na haki yake mpe: zama za Sweeney zilileta mabadiliko ya kweli katika mwili wa banjo. William Boucher wa Baltimore, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa mtengeneza ngoma, na katika miaka ya 1840 aliihamishia kwenye banjo teknolojia ya ngoma za jeshi. Kibuyu kikaondoka, duara la mbao iliyopindwa likaingia, na ngozi iliyokuwa ikipigiliwa misumari midogo sasa ikawa inakazwa kwa kulabu. Kwa hiyo mlinganisho wa dufu si wangu tu. Ni jinsi chombo kilivyotengenezwa. Banjo hizo hazikuwa na freti, yaani vile vipande vya waya vinavyogawa shingo, zikapigwa kama udi unavyopigwa, kwa sikio. Nyuzi zilikuwa za utumbo na zilituniwa chini zaidi kuliko leo. Waliozipiga jukwaani, likiwemo kundi la Virginia Minstrels lililovuma New York mwaka 1843, walikuwa Wazungu waliojipaka masizi usoni kumdhihaki mtu mweusi kwa ala yake mwenyewe.

Kizazi kilichofuata kiliona aibu, ila si aibu ya dhihaka ile. Kiliona aibu kuhusishwa na watu weusi. S. S. Stewart wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1898, alikuwa na kiwanda, alikuwa na jarida, na alikuwa na ari ya kuiingiza banjo kwenye sebule za watu wenye nafasi, wake kwa waume. Katika maandishi yake alijitahidi kukata kamba kati ya banjo na asili yake ya Kiafrika, huku akiusukuma upigaji wa vidole wa mtindo wa gitaa uuondoe ule wa ukucha. Freti zikawa jambo la kawaida, duara likavishwa chuma cha kung'aa, shingo ikajazwa lulu, na banjo za bei ya juu zikatiwa vigingi vya pembe za ndovu. Hapa ndipo hadithi inapogusa kwetu, na inagusa kwa uchungu. Viwanda vikubwa vya kukata pembe Marekani vilikuwa Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, na ingawa biashara yao kubwa ilikuwa vibao vya piano, pembe zao nyingi zilitoka Zanzibar, ambako Wamarekani walikuwa wakifanya biashara kwa mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Zilifika Zanzibar kwa misafara kutoka bara, mabegani mwa wapagazi na watumwa. Kigingi hakina hati ya asili, lakini njia ya biashara inajulikana. Wakati ambapo Philadelphia ilikuwa ikiapa kwamba banjo haidaiwi chochote na Afrika, Afrika ilikuwa imechomekwa kichwani mwa chombo, na nyuzi zimezungushiwa humo.

Nyuzi hizo zilikuwa bado za utumbo. Hili ndilo linalosahauliwa na anayenunua banjo ya Stewart, au ya Fairbanks wa Boston, leo, kwa sababu ikiwa na freti na chuma inaonekana ya kisasa, na jicho linasema: gitaa dogo, lifungwe waya. Chuma kilikuwa kikiuzwa kabla ya mwaka 1900 na wapo waliokifunga, hasa kwenye banjo za bei rahisi, kwa sababu waya ni rahisi na haukatiki ovyo. Kilichokipa ushindi ni kelele. Banjo ilipoingia kwenye bendi za dansi na jazi baada ya mwaka 1910, ilibidi isikike katikati ya tarumbeta. Wapiga bendi walishika banjo ya nyuzi nne za chuma, shingo fupi, iliyotuniwa kwa mpangilio wa familia ya fidla na kupigwa kwa kipande kigumu kilichoshikwa vidoleni. Ukishika kipande hicho, dole gumba halina kazi tena, na uzi wa dole gumba hauna maana. Ukaondolewa. Kiwanda cha Vega kilikuwa na banjo yake ya Tu-ba-phone tangu mwaka 1909, kile cha Gibson kikatoa banjo ya Mastertone mwaka 1925, na katika banjo za Gibson hata ule mti unaopenya duara ulibadilishwa kwa fito mbili za chuma zenye nati. Mtu anayetaka kujua Afrika iliondolewaje kwenye chombo hiki asitafute hotuba ya mtu yeyote. Ahesabu nyuzi, kisha afungue bakuli la mbao lililo mgongoni atazame kuna mti au chuma.

Kisha soko likaanguka. Mdororo wa uchumi na gitaa viliimaliza banjo ya nyuzi nne katika miaka ya 1930, na maelfu yakabaki chini ya vitanda na kwenye maduka ya rehani. Uzi mfupi wakati huo ulikuwa hai milimani na mashambani kusini mwa Marekani, mikononi mwa weusi na weupe ambao hawakuwa na habari na mitindo ya Philadelphia. Desemba 1945 kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliingia kwenye bendi ya mwanamuziki Bill Monroe na kupiga nyuzi tano za chuma kwa vidole vitatu, uzi mfupi ukilia kama cherehani. Ghafla kila mtu akataka Gibson ya kabla ya vita yenye nyuzi tano, na zilizotengenezwa zilikuwa chache mno, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimetengeneza zaidi za nyuzi nne. Mafundi wakapata jibu: wakang'oa shingo za nyuzi nne kutoka kwenye banjo zile zilizolala, wakachonga shingo mpya ndefu, wakatoboa tundu la kigingi ubavuni. Uzi uliofukuzwa na viwanda ukarudishwa na karakana.

Hapo hoja yangu inakutana na kizuizi chake cha kwanza. Kama kosa ni kukibadilisha chombo, basi mafundi hao ni wakosaji wakubwa kuliko aliyefunga chuma kwenye Stewart. Wamekata historia kwa msumeno. Nakubali kwamba banjo nyingi nzuri zilipotea hivyo, na kwamba wakusanyaji wa leo wana haki ya kusononeka. Lakini tuangalie tofauti. Chombo cha Gibson kilijengwa kwa mzigo wa chuma: kiini cha duara ni kizito, ndani ya shingo kuna fito ya chuma ya kuzuia kupinda, na pete ya shaba inabeba ngozi. Shingo mpya haikukibebesha kisichokimudu. Tena inang'oka. Fundi mwenye busara aliifunga shingo ya zamani kwenye kitambaa akaiweka ndani ya sanduku la banjo, na inapopatikana hadi leo bei hupanda, kwa kuwa chombo kinaweza kurudishwa kwa kufungua nati mbili. Kigezo changu ni hicho: je, kilichofanywa kinafutika, na je, mti umeulizwa? Chuma juu ya banjo ya utumbo hakifutiki. Mti uliopinda kwa miaka 30 hunyooshwa kwa joto na mkazo, ukitii, na mara nyingi hautii mpaka mwisho.

Kuuliza mti si usemi wa kishairi. Kwenye meza maswali ni ya wazi. Mikato iliyo kichwani mwa shingo, nyuzi zinapoingilia, ni mipana au myembamba? Utumbo ni mnene, waya ni mwembamba. Mkato mpana uliojazwa gundi na vumbi la mfupa ili waya usicheze umeshakiri kila kitu. Kishikilia nyuzi kilicho mkiani kina matundu au kulabu? Utumbo hufungwa fundo ndani ya tundu, waya huja na kitanzi cha kupachika kwenye kulabu. Vigingi vina meno ndani au ni mti mtupu unaokaa kwa msuguano? Utumbo hujivuta, hivyo kigingi kikikosea kidogo sauti haiyumbi sana. Waya haujivuti, kosa dogo la kigingi linapeleka sauti mbali, na hapo ndipo vigingi vyenye meno vilipohitajika. Chombo chenye mikato mipana, matundu mkiani na vigingi vya msuguano kimesema neno moja mara tatu.

Akishajibiwa, fundi hufanya kazi ambayo haina uchawi. Ngozi mpya, ikibidi, hulowekwa kwenye maji ya kawaida hadi ilegee kama kitambaa, huwambwa juu ya duara ikiwa mbichi na kuachwa ikauke taratibu, kwa sababu ikiharakishwa kwa jua hupasuka pembeni. Nati hukazwa kidogo kidogo kwa kuruka upande wa pili kila mara, kama mtu anayefunga gurudumu la gari, ili pete isiende upande. Kisha nyuzi, na kijiti. Mahali pa kijiti hupatikana kwa sikio: umbali kutoka kichwani hadi freti ya 12 uwe sawa na kutoka hapo hadi kijiti, halafu kisogezwe unywele mmoja mmoja mpaka uzi uliobonyezwa kwenye freti hiyo utoe sauti ileile inayotoka ukiguswa tu hapo juu bila kubonyezwa. Uzi mfupi hufungwa mwisho. Ukikazwa mapema, nyingine zinapopanda ngozi hushuka, kijiti hushuka nayo, na sauti ya uzi mfupi huanguka.

Kizuizi cha pili ni cha mpigaji. Utumbo ni ghali, hukatika, na kwenye hewa ya unyevu hubadilika sauti kati ya wimbo na wimbo. Nani atamtesa mtu hivyo kwa ajili ya historia? Hakuna haja. Nyuzi za nailoni, na zile za plastiki zilizobuniwa kuiga utumbo, zinabeba shingo kwa upole uleule na hazijali mvua. Ninachotetea ni uhusiano wa mkazo kati ya uzi, ngozi na mti, wala sitetei utumbo wa kondoo kama kondoo. Kwa sababu hiyohiyo sina ugomvi na ngozi za plastiki zilizoingia mwishoni mwa miaka ya 1950, zikiwa juu ya banjo ya bendi. Na sioni sababu ya kuifunga Mastertone nyuzi laini ili tu ionekane ya kale. Chombo hicho kilizaliwa kwenye chuma, na kukinyima chuma ni uongo uleule uliogeuzwa upande.

Wanaosema basi kila banjo irudishwe hadi kibuyuni wamenielewa vibaya, na wanaosema kwa kuwa hatuwezi kurudi hadi kibuyuni basi tufunge chochote wamejielewa vibaya wao. Pa kusimama panajulikana: ni pale ushahidi wa chombo kimoja kimoja unapokoma. Banjo ya Boucher isitiwe freti. Banjo ya Stewart isivuliwe freti.

Kizuizi cha tatu ni kizito zaidi. Banjo ya miaka ya 1850 ilitengenezwa kwa ajili ya jukwaa la masizi. Kwa nini mtu, hasa mtu mweusi, aihangaikie sauti yake? Jibu limeshatolewa, kwanza na nyaraka, kisha na watu weusi wenyewe. Mwaka 1977 Dena Epstein alichapisha kitabu chake juu ya muziki wa watumwa, akikusanya nyaraka zilizoonyesha bila shaka kwamba banjo ilikuwa yao kabla ya kuwa ya jukwaa lolote. Aprili 2005 wapiga banjo weusi walikutana Boone, North Carolina, na vijana waliofahamiana huko wakaenda kujifunza kwa Joe Thompson wa Mebane, mzee mpiga fidla aliyekuwa amebaki na muziki wa familia yake. Kundi lao, Carolina Chocolate Drops, lilipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, alichagua kupiga nakala ya banjo isiyo na freti ya katikati ya karne ya 19, yenye sauti nzito ya chini, ya umbo lilelile la jukwaa la dhihaka. Kitabu cha mafunzo cha Thomas Briggs cha mwaka 1855 kilichapishwa kwa soko hilohilo, na bila vitabu vya namna hiyo mkono wa Mjola usingekuwa na maandishi ya kulinganishwa nayo. Wezi waliandika walichoiba, tena kwa makini. Kukitupa chombo kwa sababu ya waliokishika ni kuwaachia wao neno la mwisho.

Limebaki jambo moja, ambalo karakana nyingi hulipitia haraka: ngozi kuukuu. Ikipasuka hutupwa, kwa kuwa haina bei. Lakini ndiyo kurasa pekee alizoandika mpigaji mwenyewe. Waliofundishwa mtindo wa gitaa waliegemeza kidole kidogo juu ya ngozi karibu na kijiti, na miaka ya jasho huacha hapo doa la rangi ya chai, dogo kama shilingi. Waliopiga kwa ukucha kuelekea chini hawakuegemeza chochote. Kucha zao zilikwaruza ngozi upande mwingine, karibu na shingo, na juu kidogo, upande wa uzi mfupi, dole gumba liliacha mng'ao wake. Ngozi moja inaweza kuwa na vyote viwili, doa la mtu wa kwanza na mikwaruzo ya wa pili. Itolewe taratibu kutoka kwenye pete, ikunjuliwe, iandikwe kwa penseli namba iliyopigwa muhuri kwenye mti wa ndani, na iwekwe sandukuni pamoja na banjo yake.